Mwaka Walioniambia ni wa Bibi

Dada yangu Nuha ndiye aliyekuwa akiendesha. Tulikuwa tumesimama kwenye taa za barabarani za Wattaya, huku Omani, kwenye foleni ya watu wanaotoka kazini, na mbele yetu kulikuwa na pikapu iliyojaa mafungu ya majani ya mbuzi, mabichi, yamenyunyiziwa maji yasinyauke njiani. Vioo vilikuwa chini. Harufu ikaingia ndani ya gari yote kwa pamoja, harufu ya kijani yenye utamu kidogo, na mimi nikafumba macho.

"Pandisha kioo," Nuha akasema. "Nguo zitanuka shamba."

"Bibi angeipenda harufu hii."

Nuha akacheka kile kicheko chake cha puani. "Bibi? Bibi hakulipenda lile shamba hata siku moja."

"Alilipenda. Ule mwaka wote ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyeutaka."

Akageuka akanitazama. Taa ikawa kijani, gari la nyuma likapiga honi, na yeye bado ananitazama. "Mpaka leo unaamini hivyo?" akasema. "Ule mwaka ulikuwa wako, bwana. Wa Bibi ulikuwa mwengine, na hakuupata."

Hatukusema tena mpaka nyumbani, Al Khoudh. Mimi si msemaji hata leo, na kuandika kwangu ni kwa taratibu. Sentensi moja naweza kukaa nayo asubuhi nzima. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikiurudia ule mwaka kipande kipande, kama mtu anayefua nguo aliyodhani ni safi, na kila akikamua maji yanatoka machafu. Nyinyi wa rika langu mkikaa mnasimulia utoto, mara nyingi mnasimulia mliyonyimwa. Mimi sikunyimwa kitu. Nilikuwa na furaha sana, na hiyo furaha ndiyo ninayoshindwa kuiangalia sasa.

Inanibidi nianze na ukimya wangu. Nilipopelekwa skuli nilikuwa naufunga mdomo kwenye geti asubuhi na kuufungua nikirudi nyumbani. Sikuwa bubu, wala sikuwa mkaidi kama mwalimu alivyodhani. Neno lilikuwa likipanda mpaka kooni likakwama, kama mlango ambao mtu ameushikilia kwa upande wa pili. Watoto wenzangu walinipa jina la Samaki, wakawa wananifungulia midomo yao na kuifumba, wakinicheka. Kisha ukimya ukanifuata nyumbani. Niliacha kusema mbele ya wageni, halafu mbele ya Baba, halafu hata mbele ya Mama na Nuha. Akabaki Bibi peke yake, mama yake Baba, na yeye pia nilimsemea sikioni tu, nimekinga mkono, kwa Kiswahili. Sikio lake lilikuwa na harufu ya udi na mafuta ya nazi. Humo ndimo nilimokuwa nikiishi.

Bibi alizaliwa Unguja, akaja Omani akiwa tayari ni mama wa watoto. Ndugu zake wote walikwisha kufa isipokuwa mdogo wake mmoja, Bi Zuhura, ambaye hakutaka kuhama. Mwaka ule Bibi alikuwa na safari ya kwenda kwake, kukaa naye miezi kadhaa. Sanduku lilikuwa limekwisha kufungwa, liko chini ya kitanda: madoria ya kushona, halwa, dawa ya kuchua miguu, buni, na mitandio ambayo Bibi aliichagua kwenye maduka ya Hamriya akibishana na muuza duka mpaka yule mtu akaketi. Mimi nilikuwa nikilichungulia lile sanduku kila siku kama mtu anayechungulia shimo.

Ijumaa moja, baada ya chakula, Baba akasema hatutarudi skuli mwaka ule. Mama ataacha kazi yake ya kusomesha watoto wadogo, atusomeshe sisi. Tutatembea nchi kwa gari, kisha tutakaa shamba, Barka, ambako rafiki yake ana nyumba na kisima na hana wa kukaa. Kazi ya Baba ilikuwa ya kompyuta. Alikuwa amekwisha kuomba ruhusa ya kuifanyia huko huko.

"Kwa nini?" Nuha akauliza. Yeye skuli alikuwa anaipenda, na alikuwa na marafiki wa kumpigia simu mpaka masikio yanakuwa mekundu.

Bibi akajibu kabla ya Baba. "Kwa ajili yangu miye. Nimekaa nchi hii umri mzima, naijua njia ya hospitali na njia ya Hamriya. Nnataka kuiona Omani kabla sijafa. Na nnataka kukaa shamba, nnuse mbuzi."

"Unuse mbuzi?"

"Nnuse mbuzi. Kuna ubaya?"

"Na skuli yangu, Bibi?"

"Skuli haina miguu, mwanangu. Utaikuta pale pale."

Nakumbuka Mama alikuwa ameinama juu ya sahani yake, akikusanya punje za wali kwa kidole, moja moja. Nilidhani wali haukumpendeza. Alasiri ile Bibi alilivuta sanduku, akaanza kuyatoa yale madoria na kuyarudisha kabatini. Nilimsaidia. Nikamuuliza sikioni, na Bi Zuhura je?

"Zuhura hakimbii," akasema. "Nitakwenda mwakani, inshallah."

Nilibeba halwa mbiombio jikoni nikaiweka mezani, ili tuile kabla hajabadilisha mawazo.

Namna ya kusoma ilikuwa hivi. Mama aliuliza swali, mimi nikamnong'oneza Bibi, na Bibi akatangaza. Hakukuwa na njia nyengine. Tulisoma hivyo mezani, tukasoma hivyo ndani ya gari, Mama amegeuka kiti cha mbele na sisi watatu nyuma, Nuha dirishani na vifaa vyake vya muziki masikioni, Bibi katikati, mimi upande wa pili.

"Sita mara saba?"

"Anasema arubaini na mbili," Bibi akatangaza. "Mimi ningesema hamsini, lakini mwenye hesabu ni yeye."

"Ni sawa, arubaini na mbili. Mji mkuu wa Misri?"

Nikanong'ona. Bibi akatikisa kichwa. "Hilo halitangazwi."

"Kwa nini, Mama?" Mama akamuuliza mkwewe.

"Kwa sababu hajasema mji. Amesema una chembe ya mkate kwenye kidevu."

Baba alicheka mpaka akapunguza mwendo. Hata Nuha alitoa kifaa kimoja sikioni. Bibi hakuwa amesoma skuli, alisoma chuo tu, Qurani. Mwaka ule alijifunza sehemu za ua na majina ya bahari kwa kupitisha majibu yangu. Akaanza kunirudi. "Hebu fikiri tena," ananiambia kwa sauti ya chini, "hiyo jana ulisema nyengine." Nilijiona kama tuna biashara moja, yeye na mimi.

Alikuwa akiniita mume wangu, kama mabibi wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Tulikwenda soko la mbuzi la Nizwa, Ijumaa asubuhi, wauzaji wanawazungusha mbuzi kwenye duara huku wanapiga kelele za bei, na wanunuzi wamekaa ukingoni. Bibi alikaa kwenye ngazi, mimi nimesimama nyuma ya bega lake. Nilipoona mbuzi mwekundu mwenye masikio marefu nilimnong'oneza, naye akamwita muuzaji kwa Kiarabu chake chenye Unguja ndani yake. Yule mzee alituangalia wawili.

"Sasa nani anayenunua, hajjat, wewe au kijana?"

"Yeye ndiye mwenye macho," Bibi akasema, "mimi ndiye mwenye mdomo. Pamoja ni mtu mmoja kamili. Teremsha bei."

Tukaondoka na yule mbuzi mwekundu na wengine wa kupeleka shamba, na watu wale walikuwa bado wanacheka.

Kuna jambo la ndimu. Kila safari ndefu Bibi alishika ndimu iliyokatwa, akaiweka puani, akafumba macho na kuegemeza kichwa. Mimi nilidhani ndivyo watu wazima wanavyostarehe safarini. Nikaomba yangu. Tukawa tunakwenda hivyo, mimi na yeye, kila mtu na ndimu yake, macho yamefumbwa, njia nzima ya Jabali Akhdhar na zile kona zake, na mimi najisemea, leo Bibi anafurahi. Baba alikuwa akisimama mara kwa mara. Mama ananishika mkono upesi: "Njoo nikuonyeshe bonde." Nikaonyeshwa mabonde mengi sana. Nuha ndiye aliyeniambia, jioni ile ya Wattaya, tulipofika nyumbani na kuzima gari. Mama alikuwa na mifuko chini ya kiti. Kila nilipokuwa nikionyeshwa bonde, Bibi alikuwa nyuma ya gari anatapika, na Nuha ndiye aliyekuwa akimshikia mtandio.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Alituapisha. Alisema ukijua utataka turudi, na tukirudi utarudishwa skuli, na skuli itakumaliza."

Salala peke yake ndiko alikoshuka garini kwa hiari yake. Ilikuwa msimu wa mvua nyembamba ile inayoelea, milima imekuwa kijani, na kando ya njia kuna vibanda vya madafu na ndizi. Bibi alisimama katikati ya migomba, akanusa hewa. Kisha akanunua nazi iliyokwisha chipua na kuipakata njia nzima ya kurudi, jangwa lote lile, kama mtoto mchanga. Tulipofika Barka akaipanda nyuma ya nyumba na akaweka konzi ya chumvi ndani ya shimo, kama wanavyofanya kwao.

"Mama," Baba akasema, "hapa chumvi ndiyo tunayoikimbia. Kisima chenyewe kimeingiliwa na bahari."

"Mnazi bila chumvi haukamati."

"Huo wa Unguja."

"Mnazi ni mnazi."

Haukufika mbali. Majani yaliungua ncha, yakawa kama karatasi, na Bibi akaung'oa mwenyewe siku moja asubuhi bila ya kumwambia mtu. Mimi niliuhesabu ule mnazi kuwa ni ushahidi. Nani anapanda mti mahali asipopapenda?

Shamba lenyewe lilikuwa dogo. Nyumba ya vyumba vichache, mitende michache, mindimu, banda la mbuzi, kuku, na kiwanja cha majani ambacho tulikikata kwa mundu na kukifunga mafungu. Mama alifanya kila kitu kuwa somo. Tulipima maziwa, tulipima kivuli, tuliandika insha juu ya jogoo mwenye tabia mbaya. Kazi yangu ilikuwa kuwapa mbuzi majani asubuhi, na Bibi alikuja nami, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nami nilimsimulia ndoto zangu. Nilikuwa nimeanza kunenepa. Nililala bila ya kushtuka. Jioni Bibi alitia miguu yake ndani ya beseni la maji ya moto, imevimba mpaka vifundo havionekani, na mimi nikakaa karibu, nikigusa ngozi kwa kidole na kutazama kile kishimo kinavyorudi polepole. Ulikuwa mchezo wetu. Naandika neno mchezo, nalifuta, naliandika tena.

Kila wiki zilikuja sauti za Bi Zuhura zilizorekodiwa, kwenye simu ya Bibi. Alikuwa na sauti nene kama ya mwanamme na alianza kila ujumbe kwa matusi ya mapenzi.

"We kizee wa Omani! Ushakuwa bedui sasa, unachunga mbuzi! Lini unakuja? Au unangoja nikuletee machela?"

Bibi anaibonyeza simu na kuisogeza mdomoni. "Mwakani, Zuhura. Mwakani, inshallah."

Jibu linakuja: "Mwakani yako haina mwezi? Na huyo mumeo mdogo, mbona hajanisalimia? Mwambie shikamoo yangu naingojea. Sina haraka."

Bibi alinigeuzia simu. Hakunilazimisha hata mara moja. Aliishika tu hivi, karibu na mdomo wangu, akangoja, na mimi nikatazama chini mpaka akaiondoa. "Anakusalimu," akamwambia mdogo wake. "Kwa moyo."

Baadaye zile sauti zikaanza kuwa na kikohozi. Kwanza mwisho wa ujumbe, halafu katikati, halafu Bi Zuhura akawa anasema maneno machache, anapumua, anasema mengine. Hakuacha mzaha. "Kifua hiki kimekataa kufa, kimekataa kupona. Kama mume wangu wa kwanza." Bibi alizisikiliza zile sauti mara nyingi, peke yake, simu ameiweka kwenye lile sikio nililozoea kulitumia mimi. Nilisimama mbali nikingoja zamu yangu.

Siku moja nilikuwa nyuma ya dirisha la jikoni, naokota mayai, nikawasikia wakubwa ndani. Bibi alisema, "Wiki mbili tatu tu. Nimuone, nirudi." Baba akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba, "Mama, lakini hawezi kuachwa. Ndiyo kwanza ameanza kula." Na Mama akasema, "Akiachwa sasa tutarudi nyuma kabisa." Bibi akajibu, "Haya. Basi yakhe. Mwakani."

Nilisimama na mayai yangu, moto moto kwenye kanzu, nikamwonea huruma Bibi. Nilidhani ni yeye ndiye asiyeweza kuachwa. Kwamba ni mzee, kwamba haruhusiwi kusafiri peke yake, kwamba hali chakula vizuri. Nilikwenda kumwambia sikioni kwamba mimi sitamwacha kamwe. Alinikumbatia kwa muda mrefu. Nikaona nimemfariji.

Sasa ile siku. Baba, Mama na Nuha walikwenda Hamriya kununua wavu wa banda la kuku na vitambaa. Tulibaki Bibi na mimi. Adhuhuri ilipoingia Bibi akatandika msala wake sebuleni, akafunga sala, na mara tu alipofunga, simu yake juu ya kabati ikaanza kulia. Ikalia mpaka ikakata. Ikalia tena. Niliona mgongo wa Bibi umekazana. Alikuwa amenifundisha kwamba sala haikatwi kwa simu, na nikaona simu ile inampiga kama mtu anayempiga mawe. Nikaichukua. Iliandikwa Khalfan, mtoto wa Bi Zuhura. Nilitaka kuizima, lakini nilibonyeza kwengine, na sauti ikatoka.

"Alo? Mama mkubwa?" Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye mafua. "Alo? Nani huyo? Nakusikia unapumua. Tafadhali, mwanangu. Kuna nani hapo?"

Sijui ni lile neno tafadhali. Sijui ni kwa sababu hakuwa akiniona. Mlango wa kooni ulifunguka wenyewe, bila ya kusukumwa.

"Niko mimi," nikasema.

"Wewe ni yule mdogo? Baba yupo?"

"Hayupo. Wamekwenda Hamriya."

"Na Mama mkubwa?"

"Anasali."

"Sikiliza, baba. Usimpe simu Mama mkubwa. Umesikia? Akija baba yako mwambie anipigie yeye. Mama mkubwa usimpe simu."

"Sawa, Ami."

Niliyarudia maneno yangu kichwani, Niko mimi, Hayupo, Anasali, Sawa Ami, yalikuwa maneno kamili, na mtu wa ng'ambo ya bahari ameyasikia. Nilingoja Bibi atoe salamu kulia na kushoto, na hakuwa amemaliza kugeuza shingo nikamrukia.

"Bibi, nimesema! Nimesema na Ami Khalfan! Kwenye simu!"

Sikumsemea sikioni. Nilisema kwa sauti, mbele yake, nyumba ikaitika. Sijapata kuuona uso wa mtu ukifunguka namna ile. Alinishika mashavu kwa mikono miwili.

"Weye? Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu!"

"Alhamdulillahi. Mume wangu mie! Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia unasali. Nikamwambia Baba hayupo."

"Na yeye kasemaje?"

"Kasema wewe usipewe simu. Mpaka Baba aje ampigie yeye."

Kwetu habari ya kifo haipigiwi simu mtu mzima aliye peke yake. Anapigiwa mwengine wa nyumba, naye huenda akakaa na mwenyewe, akamwambia kwanza kwamba mgonjwa hali yake si nzuri. Anakuja jirani, anakuja mwengine, mpaka mwenye msiba anafahamu akiwa amezungukwa na mikono. Kila mkubwa anaujua utaratibu huo. Mimi nilikuwa siujui. Nilimpa Bibi kifo cha mdogo wake mkononi, kikavu, nikicheka.

Mikono yake ilibaki mashavuni mwangu, lakini ilikuwa baridi. "Kasema hivyo? Nisipewe simu?"

"Ndiyo. Mara mbili."

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun."

Hayo niliyajua kuwa ni maneno yanayosemwa mtu akifa. Nikatazama huku na huku sebuleni, nani amekufa. Bibi aliachia uso wangu taratibu, akageukia kibla, akakaa vile vile kwenye msala, mgongo umenyooka, asilie. Alinyoosha mkono nyuma akapapasa mpaka akaupata mguu wangu, akaushika. Tulikaa hivyo mpaka gari likasikika nje.

Yaliyofuata yamechanganyika. Baba na simu ukumbini, anasikiliza, ameweka kiganja ukutani. Mama ameingia chumbani kwa Bibi, anatoka. Kisha Baba akasema, simu bado ikiwa sikioni, "Umesema umezungumza na nani, Khalfan?" Akanitazama. Mama naye akanitazama. "Umezungumza na Ami Khalfan?" Nikasema, "Ndiyo." Nilisema tu, kama mtu yeyote. Mama akapiga magoti sakafuni, akanivuta, akalia kilio kilichokuwa na kicheko ndani yake. Ananibusu macho, anasema Mola wangu, Mola wangu, sema tena. Baba aliziba uso. Na Bibi yuko pale pale kwenye msala, na hakuna aliyemshika.

Nuha alisimama mlangoni na mfuko wa vitambaa. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuwa mkubwa, na alikuwa amemaliza mwaka mzima bila marafiki zake. Akasema, "Leo ndiyo umeona useme?"

"Nuha!" Mama akamkemea.

"Muulizeni. Si angesema zamani? Bibi si angekwenda?"

"Muache," Bibi akasema bila ya kugeuka. "Muache mume wangu. Usimtie neno hilo."

Lakini neno lilikwisha ingia. Sikulielewa siku ile. Nilidhani ni wivu wa dada. Nimelielewa kwenye taa za Wattaya, na sasa nalielewa kila siku. Ile sauti ilikuwemo. Haikutoka kwa masomo wala kwa mabonde. Ilitoka kwa simu iliyolia na mtu aliyesema tafadhali, na ingeweza kutoka kabla, wakati simu imeshikwa mbele ya mdomo wangu na mtu yuko upande wa pili anangoja, anakohoa, anasema hana haraka.

Tulirudi Al Khoudh, nikarudi skuli, nikasema. Mama huhadithia kisa hiki harusini na kwenye chai, namna kijana wake alivyofunguka ulimi shamba, na watu husema mashallah, na Bibi, ambaye sasa ni mzee sana, hutikisa kichwa akitabasamu. Skuli yenyewe sikufika nayo mbali. Nilimaliza madarasa ya chini nikaiacha, na leo nashona viti vya magari Wattaya, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya siku nzima bila ya kusema. Hakuna aliyenilaumu kwa hilo pia. Natamani mmoja wao angenilaumu, ningepata pa kujibia.

Bibi alikwenda Unguja baada ya msiba, na Baba. Nilikwenda nao uwanja wa ndege. Nilikuwa na maneno mengi siku hizo, nimelewa nayo, nazungumza na kila mtu. Baba alipokwenda na mizigo, nilimfuata mwenyewe mfanyakazi wa uwanja, kijana wa Kiomani, nikamwambia kwamba bibi yangu anahitaji kiti cha magurudumu, miguu yake inavimba, hawezi kusimama kwa muda mrefu. Alinijibu kwa Kiswahili. Watu wa kwao nao walitoka huko huko Unguja.

"Mashallah, kijana unajua kusema," akaniambia, huku anamsaidia Bibi kukaa. "Haya, nambie. Bibi anakwenda Unguja kwa nani?"

Nikafungua mdomo. Nikamtazama Bibi, na mtandio wake mweusi, na mikono yake miwili juu ya magoti. Hakukuwa na kitu kooni mwangu cha kunizuia, na bado sikupata neno.

"Kwa mdogo wangu," Bibi akamwambia yule kijana. "Haya twende, mwanangu, sukuma. Tusije tukachelewa."